Bi. Ismat Chughtai na Mfarishi Uliomfuata Maisha Yake Yote

Sisi watu wa pwani tumelelewa na picha za Kihindi. Mwulize mtu yeyote wa Mombasa, Malindi au Unguja aliyekuwa kijana siku ambazo foleni za sinema zilifika barabarani, naye atakutajia Dilip Kumar, Nutan na Dev Anand kama atajavyo jirani zake wa mtaani. Nyimbo zao ataziimba mwanzo hadi mwisho, hata kama Kihindi chenyewe hakijui. Lakini mwulize ni nani waliozitunga hadithi zile zilizomliza, na aghalabu atanyamaza. Mwandishi wa picha haonekani sura. Jina lake hupita upesi mwanzoni, watu wakiwa bado wanatafuta viti.

Leo napenda kumpa msomaji habari za mmoja wa waandishi hao, marehemu Bi. Ismat Chughtai, mwanamke aliyezaliwa katika nyumba ya Kiislamu ya Bara Hindi mwaka 1915 na kufariki dunia mwaka 1991. Aliandika riwaya, tamthilia, hadithi fupi nyingi na picha kadhaa za sinema. Pamoja na kazi yote hiyo, jina lake limefungamana na hadithi moja tu ya kurasa chache, aliyoiandika mwaka 1942, juu ya mapenzi baina ya wanawake wawili ndani ya nyumba ya heshima. Hadithi hiyo ilimfikisha mahakamani, ikamgombanisha na mumewe, na baada ya yeye kufa ikawa mbegu ya filamu iliyofanya majumba ya sinema yavunjwe vioo.

Mimi mwenyewe jina hili sikulisikia pwani. Nililisikia Homa Bay, miaka ya 1980, nilipopelekwa huko kufundisha Kiswahili. Wakati huo Homa Bay na Migori zilikuwa bado katika wilaya moja ya South Nyanza, na Mswahili mgeni kama mimi alikuwa na mahali pachache pa kupitishia jioni: ufukweni kwa wavuvi, msikitini, au barazani kwa wenye maduka. Mzee mmoja wa duka la nguo, Muislamu ambaye babu yake alitoka Punjab, alikuwa akisoma Kiurdu kila siku baada ya alasiri. Kitabu chake kimoja kilikuwa kimefunikwa kwa gazeti lisionekane jina. Baba yake, aliniambia, alimkataza kukisoma ujanani, naye alikinunua siku alipoanza kushika pesa zake mwenyewe. Ndicho kilichokuwa na hadithi za Bi. Ismat, na jioni baada ya jioni alinifasiria kwa Kiswahili chake cha dukani, akikatiza kila mteja alipotaka kupimiwa kitambaa. Baadaye nilisoma tafsiri na maelezo ya maisha yake, na hayo ndiyo ninayoyakusanya hapa.

MTOTO KATIKATI YA KAKA ZAKE

Ismat alizaliwa tarehe 21 Agosti, 1915, katika mji wa Badaun, kaskazini ya Bara Hindi. Baba yake, Mirza Qasim Beg Chughtai, alikuwa mtumishi wa serikali mwenye cheo, na kwa hivyo familia ilihamahama: Agra, Aligarh, Jodhpur. Watoto walikuwa kumi, na Ismat alikuwa wa tisa. Dada zake wakubwa waliolewa mapema wakaondoka nyumbani, naye akabaki katikati ya kaka zake. Akapanda miti pamoja nao, akapanda farasi, akacheza michezo yao na kupigana nao. Waliomtaka ajifunze kushona na kupika walimwona ameharibika. Baba yake alikuwa na moyo mpana kuliko wengi wa rika lake, akamwacha.

Mtu aliyemfungulia mlango wa vitabu alikuwa kaka yake Azim Beg Chughtai, aliyekuwa tayari mwandishi mashuhuri wa hadithi za kuchekesha. Azim Beg alikuwa mgonjwa tangu utoto, kifua kikuu kikamla polepole mpaka kikamwua mwaka 1941. Kitandani mwake alimfundisha dada yake historia na Kiingereza, akamsomesha Qurani na Hadithi, akamzoesha kubishana. Baada ya kifo chake Ismat aliandika habari zake bila kumpaka asali: ubishi wake, ukorofi wake, na jinsi alivyowachosha watu wa nyumba yake. Kichwa alichokipa kilimwita mtu wa motoni. Wengi walishtuka kuwa dada anaweza kumsema hivyo maiti wake, lakini aliyesoma mpaka mwisho aliona kuwa hakuna aliyempenda marehemu yule kuliko yeye.

Binti wa nyumba kama ile alitarajiwa asome kidogo kisha aolewe. Ismat alitaka kurudi shule ya bweni Aligarh, na wazazi walipokataa aliwatisha kuwa atatoroka, akimbilie misheni ya Wazungu akawe Mkristo. Baba akaona heri shule. Aligarh ilikuwa na shule ya wasichana wa Kiislamu iliyofunguliwa mwaka 1906 na Sheikh Abdullah pamoja na mkewe Wahid Jahan Begum, watu waliopita nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi wawaamini na mabinti zao. Wasichana walikaa bwenini, wakavaa baibui wakitoka, na hata hivyo walitukanwa. Mtu mmoja alithubutu kuandika gazetini kuwa shule ile ni danguro na ifungwe. Ismat, akiwa bado mwanafunzi, aliandika jibu likachapishwa, na vijana wa chuo kikuu wakasimama upande wa dada zao. Hapo ndipo alipoonja mara ya kwanza nguvu ya kalamu.

Baadaye alisoma chuo cha Isabella Thoburn mjini Lucknow, na mwaka 1936 alihudhuria katika mji huo mkutano wa kwanza wa chama cha waandishi wa mwamko mpya. Huko alimkuta Dakta Rashid Jahan, binti wa Sheikh Abdullah yule yule, daktari wa wanawake na mwandishi. Rashid Jahan alikuwa mmoja wa waandishi wanne wa kitabu cha hadithi kilichotolewa mwaka 1932 na kupigwa marufuku na serikali ya Kiingereza mwaka uliofuata. Alizungumza juu ya mimba, uzazi na maradhi ya wanawake bila kuinamisha macho, kwa kuwa aliyaona kila siku hospitalini. Ismat alimfanya kiongozi wake. Alipoanza kuandika tamthilia na hadithi, akaanzia katika jarida la Saqi mwaka 1939, aliwaandika wanawake aliowajua: mama wakwe, mayaya, wajane, wasichana wanaongoja posa. Nao walizungumza kama wazungumzavyo wanawake uani wanapokuwa peke yao, kwa mizaha, mafumbo na mikato ya ulimi. Wanaume walioandika Kiurdu hawakuijua lugha ile, kwa kuwa hawakuwa wakiruhusiwa kuisikia.

HADITHI YENYEWE

Alipokuwa mwalimu na mkaguzi wa shule, Ismat alipendana na Shahid Latif, mwandishi wa sinema mjini Bombay. Alimwonya kuwa yeye ni mwanamke wa vurugu, na kwamba amekata minyororo maisha yake yote hawezi kuvaa mwingine. Shahid hakusikia. Walioana mwaka 1942. Miezi michache tu kabla ya ndoa Ismat alikuwa ameandika hadithi iitwayo Lihaaf, neno lililotoka kwenye Kiarabu, maana yake mfarishi wa pamba wa kujifunika wakati wa baridi. Ilichapishwa mwaka huo huo na jarida moja la Lahore.

Msimulizi ni mtoto wa kike anayeachwa na mama yake kwa rafiki, Begum Jan. Huyu Begum ameolewa na Nawabu tajiri aliyemzidi umri kwa mbali, mtu anayesifiwa kwa uchaji wake na kwa kuwa hakupata hata siku moja kuonekana na mwanamke wa mitaani. Kumbe Nawabu hana haja na mwanamke yeyote. Furaha yake ni vijana wa kiume wembamba anaowalipia masomo, waliojaa barazani mwake. Mke alimweka ndani pamoja na samani nyingine, akamsahau. Begum alilia, akasoma dua, akasoma mashairi ya mapenzi, akakonda. Ndipo akaja Rabbu, mtumishi wa kumkanda mwili, na Begum akafufuka. Usiku mtoto huona mfarishi wa Begum ukitikisika, na kivuli chake ukutani kikiwa kama cha tembo. Anaogopa tembo, na anamwogopa Begum mwenyewe pia. Mwishoni taa inawashwa, ncha ya mfarishi inainuka, mtoto anachungulia, kisha anajitupa kitandani mwake. Alichokiona mwandishi hatuambii.

Basi, hadithi ni hiyo. Haina tusi. Haina hata sentensi moja inayosema wanawake wawili wale walifanya nini. Mtoto hana maneno ya jambo lile, na mwandishi hakumkopesha. Sisi wenye kuijua lugha ya leso na taarabu tunaifahamu vizuri kazi ya namna hii: jambo linasemwa mbele ya watu wote, na analielewa yule tu aliyekuwa tayari analijua.

Wala Ismat hakumchora Begum kama malaika, wala hakuandika ili kuyasifia mapenzi yale. Alichokionyesha ni chanzo chake. Kulikuwa na mume aliyetimiza kila sharti la heshima machoni pa watu na kumnyima mkewe haki yake ndani. Kulikuwa na nyumba ambayo majirani waliitazama mlango wakairidhia, kama tusemavyo kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Msomaji Muislamu anajua kuwa dini yetu ina neno lake juu ya mwanamke na mwanamke, na ina neno lake vile vile juu ya mume anayemwacha mke akining'inia, hakuolewa wala hakuachwa. Katika hadithi ile wote walilisoma neno la kwanza. La pili wachache walilikumbuka.

MAZUNGUMZO YA MIGORI

Baada ya Homa Bay nilihamishiwa Migori, na siku moja niliwasimulia walimu wenzangu hadithi hii. Mwalimu mmoja wa Kikuria, mama mtu mzima, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akacheka. Kwao, alisema, mwanamke kumwoa mwanamke si siri ya kufichwa chini ya mfarishi. Ng'ombe hutolewa mchana kweupe.

Ni kweli. Katika Ukuria, upande wa Migori na ng'ambo ya mpaka kule Tarime, ambako desturi hii huitwa nyumba ntobhu, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume aweza kutoa mahari akaoa mwanamke mwenzake. Mke huyo huzaa na mwanamume, na watoto huwa wa nyumba ya yule mama aliyetoa ng'ombe. Huurithi mji wake, huchunga mifugo yake na humtunza uzeeni. Wanandi na Wakamba wanayo desturi iliyo karibu na hii. Na mwaka 2011 ilikuwa ni Mahakama Kuu ya kwetu Mombasa iliyoitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika shauri la mirathi.

Lakini yule mama alituonya tusichanganye. Ndoa ile ni ya ukoo na urithi. Hakuna habari ya kitanda baina ya wanawake wawili wale. Niliona hapo jinsi Ismat alivyokigusa kitu ambacho desturi nyingi hukizunguka. Watu waliweza kukubali wanawake wawili wakae nyumba moja kwa ajili ya mali, kwa ajili ya watoto, hata kwa ajili ya kazi za mikono. Lililowashinda kulisikia ni kwamba mwanamke ana moyo na mwili vinavyoweza kuona njaa.

KESI YA LAHORE

Hadithi ilipotoka, wasomaji wengi walidhani mwandishi ni mwanamume aliyejificha nyuma ya jina la kike. Walipojua ni mwanamke kweli, barua za matusi zikamiminika. Shahid alikasirika, na nyumba changa ikajaa ugomvi uliokaribia kuivunja. Kisha, mwisho wa mwaka 1944, askari alibisha mlango akiwa na hati ya mahakama. Ismat alikuwa na mtoto mchanga wa miezi miwili. Mfalme wa Uingereza, ndivyo hati ilivyosema, alikuwa akimshitaki kwa kuandika upujufu. Mwenyewe alisimulia baadaye kuwa kicheko kilimshika, kuona mfalme mzima amehangaishwa na kihadithi chake.

Sheria iliyotumika ilikuwa ile Kanuni ya Adhabu ya Bara Hindi, ambayo Waingereza walituletea na sisi huku, ikatumika Kenya mpaka mwaka 1930. Shauri lilipelekwa Lahore, mahali lilipochapwa jarida. Pamoja naye alishitakiwa rafiki yake mkubwa, Saadat Hasan Manto, kwa hadithi yake nyingine. Wakasafiri pamoja, waume na wake, wakakaa Lahore kama watu waliokwenda harusini: wakaalikwa, wakatembea, wakanunua viatu na shali. Jamaa na marafiki walimsihi Ismat aombe radhi, wengine wakajitolea kumlipia faini ili jambo liishe bila aibu. Akakataa. Aliona kuwa akiomba radhi atakuwa amekiri kwamba alichokiandika ni uchafu, naye hakuamini hivyo.

Mahakamani ilionekana nguvu ya ule uandishi wake wa kufumba. Mashahidi wa serikali walitakiwa waonyeshe neno chafu ni lipi. Wakafunua kurasa, wakafunga, wakafunua tena. Mmoja akashika mahali panaposema juu ya wasichana kujikusanyia wapenzi. Wakili akamwuliza kama uchafu uko katika neno kukusanya au katika neno wapenzi. Shahidi akasema ni wapenzi. Wakili akamkumbusha kuwa washairi wakubwa wamelitumia neno hilo mamia ya miaka, na hata katika mashairi ya kumsifu Mtume limo. Shahidi akajitetea kuwa si vizuri msichana wa watu kukusanya wapenzi. Akaulizwa, na msichana asiyekuwa wa watu je? Watu wakacheka, na shitaka likakosa pa kusimamia. Mwisho wa yote likafutwa, Ismat akawa huru.

Huru mahakamani, lakini si midomoni mwa watu. Hadithi ile ilimganda. Aliandika riwaya kubwa, Terhi Lakir, maana yake mstari uliopinda, juu ya msichana anayekua kama alivyokua yeye, na wako wahakiki wanaoihesabu miongoni mwa riwaya bora za Kiurdu. Watu walimsikiliza akiizungumzia, kisha wakamwuliza juu ya mfarishi. Aliishi kuona kazi ya miaka 50 ikipimwa kwa usiku mmoja wa kalamu, na hakuficha kuwa jambo hilo lilimchosha.

KALAMU NDANI YA SINEMA

Hapa ndipo anapoingia katika maisha yetu sisi tusiosoma Kiurdu. Mumewe aliongoza picha, naye akaziandika. Ziddi ya mwaka 1948, iliyotokana na hadithi yake, ndiyo iliyompandisha Dev Anand akawa nyota, na ndani yake Kishore Kumar aliimba wimbo wake wa kwanza wa peke yake. Arzoo ya mwaka 1950 ilikuwa na Dilip Kumar na Kamini Kaushal. Sone Ki Chidiya ya mwaka 1958, iliyochezwa na Nutan, ni habari ya msichana anayegeuka nyota wa sinema na ndugu zake wanaomkamua kama ng'ombe wa maziwa. Aliyeiona picha hii akaondoka na huzuni asiyojua imetoka wapi, basi na ajue ilitoka katika mkono ule ule ulioandika Lihaaf: nyumba nzuri, na mwanamke anayekaushwa ndani yake.

Mwaka 1947 Bara Hindi iligawanywa. Jamaa zake wengi walihamia Pakistan, Manto akawafuata mwaka 1948, akafia Lahore mwaka 1955. Ismat alibaki Bombay. Kutoka katika hadithi yake ambayo haikuwa imechapishwa ilitengenezwa Garm Hava ya mwaka 1973, chini ya uongozi wa M. S. Sathyu, na mshairi Kaifi Azmi akiwa mmoja wa waandishi wake. Inahusu mzee wa Kiislamu wa Agra, fundi wa viatu mwenye kiwanda, anayeona ndugu mmoja baada ya mwingine akipanda treni kwenda Pakistan, nyumba ya baba yake ikichukuliwa, na yeye hataki kuondoka. Balraj Sahni aliyecheza mzee huyo alifariki mwaka ule ule. Familia nyingi za pwani zilizotawanyika baina ya Unguja, Mombasa, Dubai na Maskati baada ya mwaka 1964 zingeiona sura yao katika picha hiyo.

Shahid Latif alifariki mwaka 1967, akamwacha Ismat na mabinti wawili. Mwaka 1976 serikali ya India ilimtunuku nishani ya Padma Shri. Na mwaka 1978, akiwa bibi wa miaka 63, alisimama mwenyewe mbele ya kamera katika Junoon ya Shyam Benegal, akacheza nyanya ya watu.

YULE BEGUM

Kuna jambo moja alilolisimulia katika kumbukumbu zake ambalo mzee wangu wa Homa Bay alilipenda kuliko yote. Hadithi ya Lihaaf ilikuwa na mwenyewe. Utotoni Ismat alikuwa amesikia wanawake wakinong'ona juu ya bibi mmoja wa Aligarh. Miaka ikapita, hadithi ikasambaa Bara Hindi nzima, na siku moja, karamuni Aligarh, akajikuta uso kwa uso na bibi huyo. Alitamani ardhi ipasuke. Bibi akamsogelea kupitia watu, akamkumbatia, akamwambia kuwa baada ya hadithi kutoka alimwacha Nawabu, akaolewa na mume mwingine, na sasa ana mtoto wa kiume. Akamwalika nyumbani, akamwonyesha mtoto wake. Ismat aliandika kuwa alipomtazama mtoto yule alihisi kama ni wake pia, na machozi yakamtoka.

Mzee alisema kuwa mahakama ya Lahore ilitafuta madhara ya hadithi ile kwa miezi isiyapate, na hapa palikuwa na mtu aliyenufaika.

KIFO NA BAADA YAKE

Miaka yake ya mwisho ilifunikwa na maradhi ya kusahau. Alifariki Bombay tarehe 24 Oktoba, 1991. Kwa usia wake mwenyewe hakuzikwa. Mwili wake ulichomwa moto kama wa Wahindu. Inasimuliwa kuwa aliwaambia rafiki zake anaogopa uzito wa udongo juu yake. Jambo hili liliwauma Waislamu wengi, hata wale waliompenda, na msomaji wa hapa hatakosa kuumia. Sina la kulipamba. Mwanamke huyo alilelewa na Qurani kitandani pa kaka yake, akaandika habari za Waislamu maisha yake yote, kisha akachagua mwisho ambao watu wake hawakuuelewa. Hesabu yake iko kwa Mola wake.

Miaka 5 baadaye mwongozaji Deepa Mehta alitoa filamu yake iitwayo Fire, yaani moto, ambayo mbegu yake ilitoka katika Lihaaf. Ni picha ya taratibu, yenye ushairi mwingi wa macho kuliko maneno. Ndani ya nyumba moja ya Delhi wanaishi wake wawili wa ndugu wawili. Mume wa mmoja amejinyima mkewe kwa ajili ya utawa, wa pili ana mwanamke wake nje. Wanawake wale wanafarijiana, na faraja inageuka mapenzi. Mkubwa amechezwa na Shabana Azmi, binti wa yule Kaifi Azmi wa Garm Hava. Ilipofikishwa India mwaka 1998, makundi yalivamia sinema Bombay na Delhi, yakavunja vioo na kusimamisha maonyesho. Ikarudishwa kwa wakaguzi, nao wakaipitisha tena mwaka 1999. Mwishoni mwa filamu wanawake hao, Wahindu wote wawili, wanakutana mvuani katika ziara ya walii wa Kiislamu, Nizamuddin wa Delhi. Hawakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Kenya nayo ilipata zamu yake. Mwaka 2018 filamu ya Rafiki ya Wanuri Kahiu, kuhusu mabinti wawili wa Nairobi waliopendana huku baba zao wakishindana katika uchaguzi, ilipigwa marufuku na bodi ya filamu, kisha Mahakama Kuu ikairuhusu ionyeshwe kwa siku 7. Wakati wa ubishi ule nilikuwa nimerudi Migori kuwatembelea wanafunzi wangu wa zamani, ambao sasa wana watoto wao, na vijana waliuzungumza barazani bila kuiona. Kilichonishangaza ni hoja ya bodi. Lahore walitafuta neno baya wasilipate. Nairobi walikitazama kisa mpaka mwisho, wakachukizwa kuwa mwisho wake una tumaini. Mwongozaji alitakiwa aubadilishe, naye, kama yule wa Lahore, akakataa.

Sikuandika haya ili kumwambia msomaji aipende filamu hii au ile. Kila mtu ana dini yake na nyumba yake, naye ndiye atakayejibu. Ninachokiona katika maisha ya Bi. Ismat Chughtai ni kidogo kuliko hicho, na kwangu ni kizito. Alikuwa mtoto aliyesikia wakubwa wakinong'ona juu ya mwanamke mwenye shida, na alipokuwa mkubwa alikataa kunong'ona. Walimshitaki yeye. Nawabu hakushitakiwa na mtu. Ndugu wa yule bibi, majirani zake na waliokula karamu nyumbani kwake walijua kwa miaka kuwa anakauka, na hakuna aliyebisha mlango kumwuliza hali, mpaka siku hadithi ilipotoka gazetini wote wakajua kukasirika.

Nyumba za namna hiyo zipo Badaun, zipo Homa Bay, na zipo Kibokoni na Mkunazini. Mara nyingi mlango wake ni wa nakshi.